Frank Odoi, Mjomba, na barua niliyochelewa kutuma

Leo sina programu mpya ya kuwaonyesha. Yule ndugu aliyeniuliza kuhusu kuhamisha hifadhidata yake, nivumilie kidogo, jibu lako linakuja. Leo nataka kumzungumzia mtu mmoja aliyekuwa akichora katuni, pamoja na kosa nililolifanya mimi mwenyewe na kulificha kwa miaka mingi. Mambo hayo mawili yamefungamana, ndiyo maana nayaandika pamoja.

Mtu mwenyewe ni Frank Odoi. Kama ulikuwa ukisoma magazeti ya Kenya miaka ya 90, huenda jina limekutoka lakini picha zake hazijakutoka. Ndiye aliyechora Golgoti. Ndiye wa Akokhan na wa Driving Me Crazy. Alizaliwa Ghana mwaka 1948, akaja Kenya miaka ya 70, akafanya maisha yake hapa hadi mwisho. Picha zake zilitoka kwenye magazeti ya Nairobi, na nyingine kwenye jarida la Focus on Africa la BBC. Alifariki Jumamosi, tarehe 21 Aprili 2012, matatu aliyokuwa amepanda ilipopata ajali Nairobi.

Kila Aprili ikifika huwa namkumbuka. Kila mwaka husema nitaandika kitu, halafu siandiki. Mwaka huu nimeandika, na sababu yake mtaiona mbele.

Mimi nilikutana na Odoi kwenye bhajia. Sitanii. Nilikuwa kidato cha kwanza, mwaka 1993, nimetumwa dukani na Mjomba. Mama muuzaji akanifungia bhajia kwa kipande cha gazeti kama ilivyokuwa kawaida. Nilipofungua nikaona mzungu aliyechorwa kwa wino, kwenye nchi isiyomjua wala kumwogopa. Mafuta yalikuwa yamepenya karatasi, hivyo nyuma yake palionekana tangazo la matairi. Nilisimama njiani nikasoma mpaka bhajia zikapoa. Mjomba alinigombeza kwanza. Kisha akaniambia, "Hebu nambie, kina nini hicho kikaratasi?"

Mjomba alikuwa fundi wa redio. Kibanda chake kilikuwa karibu na soko la zamani, na kila nikitoka shule nilipitia pale. Kwa hiyo nikikumbuka katuni za Odoi nakumbuka pia harufu ya risasi iliyoyeyushwa na sauti ya redio tatu zikizungumza pamoja, kila moja stesheni yake. Mjomba alisoma mpaka darasa la nne. Kiswahili alikisoma vizuri sana. Taifa Leo aliimaliza yote, hata matangazo ya vifo, na Juha Kalulu wa Edward Gitau alimsoma peke yake akicheka kwa sauti. Kiingereza ndicho kilichompiga chenga. Basi siku ile tukawekeana mkataba: yeye atayatafuta magazeti ya Kiingereza, mimi nitamsomea Golgoti, na malipo yangu ni soda.

Magazeti ya jana aliyapata kwa muuza duka jirani. Kila alipopata Golgoti aliikata kwa wembe, taratibu kama anavyofungua redio ya mtu, akaibandika kwenye kaunta buku lenye jalada gumu kwa gundi ya uji wa unga wa ngano. Pembeni aliandika tarehe. Kama hakuijua tarehe aliandika jina la mteja ambaye redio yake ilikuwa mezani siku hiyo.

Kwa wale wadogo zangu ambao hawakuiona: Golgoti ni mzungu wa zama zile za wasafiri na wavumbuzi, anayejikuta katikati ya Waafrika. Katika vitabu vyetu vya historia mzungu wa namna hiyo alikuwa ndiye anayetazama, na sisi ndio tunaotazamwa. Odoi aliugeuza mchezo. Kwake mzungu ndiye kioja. Wenyeji wana mji wao, shughuli zao na ujanja wao, na huyu mgeni ameingia katikati na mambo yake. Unacheka, halafu baada ya dakika mbili unatambua kwamba umecheka jambo zito.

Sasa fikiria kuyasoma hayo ukiwa Malindi. Sisi tuna nguzo ya Vasco da Gama pale kwenye ncha ya mwamba, watalii wanapiga picha kila siku. Alitia nanga hapa Aprili 1498, akapokewa vizuri na mfalme wa Malindi, akapewa rubani wa kumvusha hadi Calicut kule India. Rubani huyo aliijua njia. Lakini shuleni tulifundishwa kwamba Vasco da Gama ndiye aliyevumbua njia ya baharini ya kwenda India. Ukishuka kidogo kusini, kule Rabai, ndiko walikokaa wamisionari Krapf na Rebmann. Rebmann aliuona mlima Kilimanjaro mwaka 1848, akaandika Ulaya kwamba juu kuna theluji, na wataalamu wa London wakabisha. Watu waliokuwa wakiishi chini ya mlima huo hawakuulizwa.

Jumapili moja Mjomba alinichukua tukatembea mpaka kwenye nguzo. Tuliikaa tukaitazama ile rangi nyeupe na msalaba wake juu. Mjomba akasema, "Golgoti wetu ndiye huyu." Hakuongeza neno. Mimi nilikuwa na miaka 14, na nadhani siku hiyo nilijifunza historia zaidi ya muhula mzima.

Kuna jambo la pili nililojifunza kwa Odoi, na hili linahusu kazi yangu moja kwa moja. Mwanzoni nilimtafsiria Mjomba neno kwa neno. Mimi mwanafunzi hodari, nina kamusi, nataka kuonyesha. Mjomba hakucheka. Alinitazama akasema, "Wewe wanisomea maneno. Mimi nataka kujua yuasema nini."

Ikabidi nianze upya. Nisome kibonzo chote, nitazame nyuso, nielewe nani anamdanganya nani, kisha nikitie katika Kiswahili ambacho watu wa sokoni Malindi wangekisema. Mzungu nikampa Kiswahili cha kuvunjika kama cha watalii wa Kiitaliano tuliowasikia kila siku. Mzee wa kijiji nikampa Kiswahili cha mafumbo. Mjomba akacheka mpaka akaiweka chini pasi yake ya kuchomea. Tokea siku hiyo soda zikawa mbili.

Miaka kumi na kitu baadaye nilipewa kazi ya kutengeneza programu ya kuandikisha samaki kwa chama kimoja cha wavuvi upande wa Kilifi. Nilikuwa nimeshasahau somo la Mjomba. Pale pa kuhifadhi kazi nikaandika "Okoa", kwa sababu ndivyo kamusi ilivyosema. Karani wa chama akakitazama kitufe, akaniuliza, "Okoa nani? Kwani kuna anayezama?" Nilicheka, kisha nikaona haya. Nilirudi nyumbani nikaipitia programu nzima, kila kitufe, kila ujumbe wa kosa, nikijiuliza swali la Mjomba: hii yasema nini? Kazi ya kuleta programu katika Kiswahili niliyofanya maishani mwangu, mwalimu wangu wa kwanza alikuwa Frank Odoi, ingawa yeye mwenyewe aliandika Kiingereza na hakunijua.

Nije kwa Akokhan. Huyu ndiye shujaa wa ajabu wa Odoi, mwenye nguvu zinazotoka katika imani na hadithi za Kiafrika wenyewe. Haki ni kusema kwamba Wamarekani pia walifikiria jambo hili. Stan Lee na Jack Kirby walimleta Black Panther mwaka 1966 ndani ya Fantastic Four. Filamu yake ilipotoka mwaka 2018, na mwenzetu Lupita Nyong'o akiwemo, vijana niliokuwa nikiwafundisha kuandika programu walinijia wamechangamka: "Kaka, hatimaye tuna shujaa wa Kiafrika!" Niliwauliza kama wanamjua Akokhan. Hakuna hata mmoja. Niliwaambia kwamba Mwafrika aliyeishi hapahapa Kenya alimchora shujaa wa Kiafrika miaka mingi kabla ya filamu hiyo, na akamchapisha gazetini ambapo mtu wa kawaida alimsoma kwa bei ya gazeti. Wakasema, "Tuonyeshe." Sikuwa na cha kuwaonyesha.

Hapo ndipo linapoingia kosa langu.

Mwaka 2003 nilikuwa nimemaliza chuo na kurudi nyumbani. Malindi palikuwa na saiba moja yenye skana. Nilikuwa na hamu ya kuonyesha maajabu ya kompyuta, basi nikamwomba Mjomba lile kaunta buku. Lilikuwa limenenepa, kurasa zimekakamaa kwa gundi, limeanza kuliwa na mende pembeni. Nikaskani kurasa 41. Malipo yalikuwa kwa ukurasa na mfuko wangu ulikuwa mwepesi, kwa hiyo sikumaliza. Na kwa kuwa nilibeba faili kwa disketi, ambazo kila moja huingia megabaiti 1.44 tu, nikazibana picha kweli kweli. JPEG, ubora wa chini, pikseli 72 kwa inchi. Anayejua mambo haya ameshaanza kutikisa kichwa. JPEG imetengenezwa kwa ajili ya picha za kamera. Ukiipa mistari myembamba ya wino inaacha ukungu ukungu kila panapokutana nyeusi na nyeupe. Ile mistari midogo ambayo Odoi alitumia kutia kivuli ikageuka kuwa vumbi.

Lakini hilo ningesamehewa. Kubwa ni nililomwambia Mjomba nilipomrudishia kitabu chake. Nilimwambia, kwa kiburi cha kijana mwenye cheti kipya, "Sasa ziko ndani ya kompyuta, Mjomba. Haziwezi kupotea tena."

Mjomba aliniamini. Kwa nini asiniamini? Mwaka 2005 alifunga kibanda akahamia Kilifi, upande wa Mnarani, kwa binti yake. Siku ya kufungasha aliona kaunta buku ni zito na limechakaa, na yaliyomo si yako salama kwa kijana wake? Akamwachia jirani aliyekuwa akiuza karanga. Kurasa moja moja, Golgoti akageuka kuwa vikoni vya karanga. Alitoka kwenye bhajia, akarudi kwenye karanga.

Mimi sikuwa na habari. Mwaka 2008 diski ya kompyuta yangu ilianza kulia tk, tk, tk, na baada ya siku mbili ikanyamaza kabisa. Disketi za zamani nilizitoa kabatini nikakuta ukungu wa pwani umeshaota ndani. Zote saba. Nilikaa sakafuni nikajiambia si neno, nitaenda Kilifi niviskani upya, safari hii vizuri. Nikaenda. Mjomba akaniambia habari ya karanga huku akicheka, kwa sababu kwake hakukuwa na hasara yoyote. "Si unazo wewe?"

Nikasema ninazo.

Miaka mitatu ikapita. Nyaya za baharini zilikuwa zimefika Mombasa mwaka 2009 na intaneti imeanza kuwa ya maana. Mwaka 2011 ikaja ile simu ya IDEOS, simu ya kwanza ya Android ambayo vijana wengi wa huku waliweza kuinunua. Nikapata wazo. Nitamwandikia Frank Odoi mwenyewe. Nitamwomba ruhusa ya kutengeneza programu ya simu ambayo ndani yake mtu atasoma Golgoti, Kiingereza akitaka, Kiswahili akitaka, na yeye mwenyewe apate chake kwa M-Pesa kwa kila anayesoma. Na kwa kuwa michoro ya asili bila shaka anayo yeye, nami nitapata za kumwonyesha Mjomba, na uongo wangu utafutika bila mtu kujua.

Barua niliiandika. Ilikuwa nzuri, najisifu. Nilimweleza habari za bhajia, za Mjomba, za ile Jumapili pale kwenye nguzo. Kisha sikuituma. Nilisema kwanza nimalize mfano wa programu, mtu mkubwa kama yule asione nimekuja mikono mitupu. Nikaanza kutengeneza. Kila wiki nikaongeza kitu. Kugeuza ukurasa kwa kidole. Kukuza picha. Kuchagua lugha. Mara ya mwisho kuigusa barua ile ilikuwa Februari 2012. Nyinyi mnaoandika programu mnaujua ugonjwa huu. Kitu kinakuwa "karibu tayari" mwaka mzima.

Tarehe 22 Aprili, Jumapili, Mjomba alinipigia simu. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Yule bwana wa Golgoti amefariki. Ni gari." Nilinyamaza. Kisha akaniuliza, "Zile picha zipo?"

Nikajibu, "Zipo, Mjomba."

Nimeishi na neno hilo zaidi ya miaka kumi. Nilifungua baruapepe nikaikuta barua yangu imekaa palepale, imeandikwa vizuri, haina makosa ya tahajia, na haina tena wa kuisoma.

Kifo chake kiliniuma kwa namna nyingine pia, kwa jinsi kilivyokuja. Mchoraji aliyekuwa na umri wa miaka 64 au pungufu kidogo, aliyewachekesha watu nchi nzima, alikuwa akisafiri kwa matatu kama wewe na mimi. Labda ndivyo alivyopenda. Labda pia ni kwa sababu nchi yetu haijajua bado jinsi ya kuwalipa watu wa namna yake. Nakuachia ufikirie.

Kitu kingine ninachomheshimia Odoi ni kwamba alikuja kutoka mbali akawa wetu. Ukitazama historia ya katuni za Kenya utaona mlolongo wa watu kama hao. Jarida la Joe lilianzishwa mwaka 1973 na Hilary Ng'weno pamoja na Terry Hirst, na Hirst alikuwa Mwingereza aliyekuja kufundisha sanaa. Bogi Benda alichorwa na James Tumusiime kutoka Uganda. Gado ni wa Tanzania. Odoi ni wa Ghana. Watu wa pwani hatuwezi kushangaa jambo hilo. Miji yetu yote, Malindi, Mambrui, Gede, Takaungu, imejengwa na waliokuwepo pamoja na waliokuja, mpaka leo huwezi kutenganisha jiwe la nani na la nani.

Na tukiwa tunahesabu: Odoi aliondoka 2012, Hirst akafuata 2015, Ng'weno 2021. Kizazi kile kinamalizika, na kazi zao zimo ndani ya karatasi ya gazeti, ambayo ni karatasi duni kuliko zote. Inatengenezwa iishi siku moja. Ina tindikali ndani yake, ikipigwa na jua inakuwa ya manjano na kuvunjika kama kaukau. Vitabu vilibahatika kidogo. Sasa Sema walichapisha Abunuwasi ya Gado mwaka 1996, na Juha Kalulu naye akapata kitabu chake, Safari ya Angani. Kilichobaki gazetini tu kinamtegemea mtu kama Mjomba, mwenye wembe na uji wa ngano. Na anayemtegemea Mjomba asije akamtuma mpwa mwenye majivuno.

Aprili hii nilienda Kilifi. Mvua ilikuwa imeanza. Tulikaa barazani, Mjomba na shuka lake magotini, redio ndogo karibu na sikio. Macho yake siku hizi si mazuri. Nilimwambia. Nilianza na diski, kisha disketi, kisha ile siku ya simu. Sikupunguza kitu.

Alinyamaza muda. Kisha akasema, "Nalijua kitambo."

Nikamuuliza alijuaje.

"Siku aliyofariki ungalikuja nazo. Mtu akifiwa huleta picha."

Sikuwa na la kujibu. Akapunguza sauti ya redio, akaanza kunihadithia kaunta buku lake ukurasa kwa ukurasa, huu ulikuwa na redio ya fulani mezani, huu uliingia maji mwaka wa mafuriko. Maneno mengi ameyasahau. Nyuso amezishika zote. Kisha akaniambia, "Basi usikae nalo tu. Katafute."

Kwa hiyo ninatafuta, na hapa ndipo ninapowahitaji nyinyi.

Kwanza, kama una gazeti la zamani lenye Golgoti au Akokhan, usilikunje na usilibandike kwa selotepu. Liweke gorofa ndani ya bahasha kubwa, mbali na ukuta unaotoa unyevu. Ukiliskani, tumia pikseli 600 kwa inchi, uhifadhi kwa PNG au TIFF na kamwe si JPEG. Kama huna skana, piga kwa simu mchana kivulini, simu ikiwa sambamba na karatasi, bila taa ya simu. Andika jina la gazeti na tarehe ndani ya jina la faili. Kisha weka nakala tatu, mahali pawili tofauti, na moja isiwe nyumbani kwako. Nakala moja si nakala. Mimi ni shahidi.

Wengine mmeniuliza siku za nyuma kuhusu faili za CBZ zinazotumika kusomea hadithi za vibonzo. Hazina uchawi. Ni faili ya ZIP yenye picha zilizopewa namba kwa mpangilio, iliyobadilishwa jina. Ndivyo ninavyozipanga.

Pili, hatutazimwaga mtandaoni. Najua mtakasirika. Sheria ya hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inalinda kazi ya msanii maisha yake yote na miaka 50 baada ya mwaka aliofariki. Kwa Odoi hiyo ni mpaka mwisho wa mwaka 2062, na mimi nitakuwa nimepita 80. Kazi hizi zina wenyewe, na baada ya hayo niliyoyasimulia sitaki kumkosea tena. Tunahifadhi kwanza. Kuonyesha kutafuata tukiruhusiwa.

Tatu, mliopo Nairobi, ipo Maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa mwaka 1931 na yenye magazeti ya zamani. Mwezi ujao nitapanda basi nikae huko wiki moja na daftari langu. Atakayependa kuungana nami anijulishe.

Mpaka leo nina vipande tisa. Vinne nimepewa na mwalimu mstaafu wa Watamu aliyekuwa amevitandika ndani ya droo za kabati. Kimoja kina doa la mafuta, nikakinusa kama mwendawazimu. Nilivipeleka Mnarani, nikavikuza kwenye skrini mpaka uso mmoja ukajaa kioo kizima. Mjomba akasogea karibu kabisa, pua inakaribia kugusa. Akacheka.

"Nisomee," akasema. "Na usinisomee maneno."

Ile barua nimeiandika upya. Imebadilika, kwa kuwa sasa inakwenda kwa jamaa zake. Nimewapa pole iliyochelewa, nimewaeleza habari za bhajia na kaunta buku, na nimewaomba wanisikilize kuhusu ile programu ya simu. Programu yenyewe bado haijakamilika, kitufe cha kuchagua lugha kinagoma kwenye simu mbili. Barua nimeituma jana usiku.

Jibu likija nitawaambia. Ni hayo tu kwa leo.